Kuhamia kijijini kwa wakwe, Banyumas (Java ya Kati, Indonesia): akiba niiweke shambani au nisubiri?

Fundi wa Tanga, Muscat

Salamu kwenu wanajukwaa.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, fundi wa viyoyozi, na huu ni mwaka wangu wa 14 hapa Muscat. Mke wangu ni Mjava wa wilaya ya Banyumas, kutoka kijiji kilichopo kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Slamet, mwendo wa kama dakika 40 kwa pikipiki kutoka mji wa Purwokerto. Tulikutana huku huku kazini, tukafunga ndoa hapa hapa miaka 6 iliyopita, na tumejaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mkataba wangu unamalizika mwakani na sina nia ya kuuongeza. Kiwanja Tanga ninacho, lakini baba mkwe amezeeka, mke wangu ndiye binti yake wa pekee, na tumekubaliana kwamba tutaanzia maisha kwao.

Nimekwenda kijijini mara tatu, kila mara wiki 4. Maji yanapita mferejini mbele ya nyumba usiku na mchana, majaruba ya mpunga yanaanzia nyuma ya jiko, juu ya majaruba kuna minazi, juu ya minazi kuna miti ya mbao wanayoiita sengon, na juu kabisa ni msitu. Safari ya mwisho niliona jambo ambalo sijawahi kuliona kwetu: upande huu wa njia watu wanavuna, upande wa pili wanapandikiza miche, wiki ile ile. Sisi tumezoea masika na vuli, na mvua ikikosea basi mwaka umekwenda. Pale ardhi hailali.

Akiba yetu ni kama rupia milioni 350. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtu mwema na mchapakazi, na amenipa mapendekezo matatu. La kwanza ni kununua shamba la mpunga la ubin 150 (ubin moja kwao ni kama mita 14 za mraba) kwa rupia milioni 1.6 kila ubin, yaani milioni 240 kwa jumla, liandikwe kwa jina lake kwa kuwa mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi, na baadaye tukipenda tujenge nyumba upande unaotazama barabara. La pili ni kupanda sengon kwenye mteremko wa baba mkwe na kuikata baada ya miaka 5 au 6. La tatu ni kile wanachokiita gadai: jirani anahitaji milioni 60, nami nikimpa nitavuna shamba lake mpaka siku atakayonirudishia fedha zangu.

Nimetafuta ushauri mitandaoni, lakini karibu kila ninachokipata kinahusu Wazungu wanaojenga nyumba za wageni Bali. Mimi si mtalii wala sina mtaji wa hoteli. Ninaomba ushauri wa mtu aliyeishi kijijini hasa, au anayeijua sheria yao, kabla sijamjibu shemeji. Yeye anasubiri jibu kwa subira, na subira hiyo ndiyo inayonipa uzito zaidi kuliko kama angenisukuma.

Dada wa Malindi, Purbalingga

Karibu, na nitakuita shemeji, kwa kuwa wewe umeoa na mimi nimeolewa kwenye mlima mmoja. Ninaishi upande wa mashariki wa Slamet, mwaka wa 9 sasa, na mume wangu ni mkulima na fundi wa pikipiki.

Nianze na hesabu, maana hesabu haimuudhi mtu. Ubin 150 ni mita za mraba 2,100, yaani chini kidogo ya robo ya hekta. Ukipata mavuno ya tani 5 kwa hekta, ambayo ni mavuno ya kawaida, shamba hilo litatoa kama kilo 1,050 za mpunga kwa msimu. Tangu Januari 2025 bei ya serikali kwa mpunga uliotoka kuvunwa ni rupia 6,500 kwa kilo, kwa hiyo una milioni 6.8 kwa msimu. Lakini wewe hutaingia matopeni mwenyewe, angalau si mwaka wa kwanza. Utampa mtu alime kwa desturi ya maro, nusu kwake na nusu kwako, na fungu lako ni milioni 3.4. Kwa misimu miwili ni milioni 6.8 kwa mwaka, na hapo panya hawajaingia, wadudu wa wereng hawajanyonya mashina, na hamjapatana nani ananunua mbolea. Umetoa milioni 240 upate karibu asilimia 3. Ukibahatika kuvuna mara tatu utapita kidogo asilimia 4. Watu wa huku hawanunui shamba la mpunga kwa ajili ya faida ya kila mwaka. Wananunua ili wale mchele wao wenyewe na ili watoto warithi, na bei ya ardhi inapandishwa na fedha za watu kama mke wako, waliofanya kazi Ghuba, Hong Kong na Taiwan. Shemeji yako hakudanganyi. Amekupa jambo ambalo kwake yeye ndiyo salama kuu.

Sengon nayo inapendwa kwa sababu haihitaji kazi nyingi. Hata hivyo, tembea kwenye mteremko wa baba mkwe na utazame matawi. Ukiona vinundu vya rangi ya kahawia, kama nundu za kuvu, huo ni ugonjwa wanaouita karat tumor, na shamba lililokwisha kushikwa huwa halifikii unene wa mbao anazozitaka mnunuzi. Na usishawishike na zao la msimu lenye sifa. Miaka michache iliyopita kila mtu hapa alikuwa akipanda porang, kiazi cha porini kinachopelekwa Japani na China. Waliouza mbegu mwanzoni walinunua magari, na bei ilipoanguka baada ya 2021 waliochelewa waliviacha viazi vyao ardhini.

Sasa nikueleze kosa langu mwenyewe, kwa sababu nadhani nawe utalikaribia. Wilaya zetu mbili ni za sukari ya mnazi. Wewe wa Tanga unamjua mgema. Basi mgema wa huku ni yule yule, ila tembo lake halimlevyi mtu. Alfajiri anapanda mnazi mmoja baada ya mwingine, minazi 20 au zaidi, vibuyu vya mwanzi vikigongana kiunoni, anakata ncha ya karara kwa kisu, anatundika kibuyu kipya, na jioni anarudia minazi ile ile. Ndani ya kibuyu huweka laru, yaani chokaa kidogo na maganda ya tunda liitwalo manggis, ili utomvu usichachuke. Mkewe anaupika karaini juu ya kuni kwa saa nyingi, na ili kujua kama umeiva anadondosha kidogo kwenye maji baridi: ukiganda, anaepua; ukitawanyika, anaendelea kukoroga. Mvua ikizidi, mnazi unateleza na utomvu unakuwa mwepesi, na wagema huanguka. Hapa kwetu kila mtaa una mtu anayechechemea au mjane.

Niliona kwamba mchuuzi anayewakusanyia sukari anawalipa kidogo, na kwamba karibu wote wana deni kwake. Nikasema nitawasaidia na mimi nipate faida. Nikawapa wagema 8 fedha za kulipa madeni yao, kwa makubaliano kwamba sukari waniletee mimi kwa bei nzuri zaidi, nami niisage iwe sukari ya chenga niiuze mjini. Miezi minne ilikwenda vizuri. Mwezi wa tano watatu walirudi kwa mchuuzi wao, na fedha zangu zikawa deni lisilokuwa na tarehe. Niliumia sana, nikamlalamikia mama mkwe. Akaniuliza, bila kuacha kumenya vitunguu: "Mtoto wa Kang wa chini alipopelekwa hospitali saa nane usiku, nani alitoa fedha? Na alipofariki mzee wake, nani alileta mchele magunia mawili kabla jua halijachomoza?" Mchuuzi yule ndiye aliyekuwa benki yao, bima yao na gari lao la wagonjwa, na bei ndogo anayowalipa ndiyo ada ya huduma hizo zote. Mimi nilileta bei tu. Watano waliobaki ninao mpaka leo, lakini ni kwa sababu nimejifunza kufika msibani mapema.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza uwe mwaka wa kuishi. Siku utakapofika, au siku inayofuata, mke wako akupeleke kwa mwenyekiti wa RT na nakala ya pasipoti. Kibao cha "mgeni aripoti ndani ya saa 24" utakiona kwenye njia ya kuingilia, na si pambo. RT ni kama balozi wetu wa nyumba kumi, kaya kadhaa chini ya mtu mmoja anayejua nani kalala wapi. Usiku wa kuamkia Ijumaa wanaume husoma Yasini nyumba kwa nyumba, na hapo hutakuwa mgeni hata kidogo, maana Barzanji wanayoisoma kwenye maulidi yao ni ile ile tuliyokulia nayo pwani. Nenda zamu ya ulinzi wa usiku. Nenda kazi za mtaa za Jumapili, mnapozibua mifereji. Mke wako aingie kwenye arisan, ambayo ni upatu, na akumbushwe kwamba michango ya harusi huandikwa daftarini jina kwa jina, kilo kwa kilo, na aliyekuletea kilo 10 za mchele anatarajia kilo 10 siku yake itakapofika. Hilo nalo ni uwekezaji, na linakula fedha nyingi kuliko unavyodhani: katika mwezi wa harusi nyingi sisi hutumia zaidi kwenye michango kuliko kwenye chakula.

Ukitaka shamba, kodisha ubin 50 kwa mwaka mmoja. Kodi hulipwa mbele, na utajifunza kwa bei nafuu nani ana zamu ya maji, lini ndege wanashuka na nani wa kuwaamia.

Mkalimani wa Surabaya

Dada amemaliza upande wa maisha. Mimi ninatafsiri nyaraka kwa watu wetu wanaooa huku, na nitasema machache kuhusu sheria, nikisisitiza kwamba ndugu yetu lazima aonane na mthibitishaji hati wa huko huko wilayani kabla ya kutia saini chochote.

Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia ni ya 1960, na ni kali. Hak Milik, yaani umiliki kamili, ni wa raia tu. Kifungu cha 26 kinasema kwamba mauziano yoyote yanayokusudia kumpitishia mgeni umiliki huo, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, ni batili, ardhi inakwenda kwa dola, na fedha zilizolipwa haziwezi kudaiwa. Kwa hiyo ukiweka milioni 240 kwa jina la shemeji huku mna karatasi ya siri isemayo kwamba shamba ni lako, karatasi hiyo haikulindi. Ndiyo ushahidi dhidi yako. Na usipoiandika, shamba ni la shemeji, la mke wake, na la watoto wake siku akifariki, hata kama yeye mwenyewe ni mwaminifu kama malaika.

Mmiliki wa asili katika nyumba yenu ni mke wako, lakini hapo kuna fundo moja. Bila mkataba wa kutenganisha mali, kinachonunuliwa ndani ya ndoa kinahesabiwa kuwa cha wote wawili, na mgeni aliyepata haki ya Hak Milik kwa njia ya mali ya ndoa anatakiwa kuiachia ndani ya mwaka mmoja. Zamani mkataba huo ulipaswa kufanywa kabla ya nikahi tu, na walioolewa na wageni bila mkataba walikwama. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2016 kwamba unaweza kufanywa hata wakati ndoa inaendelea. Fanyeni huo kwanza kwa mthibitishaji, usajiliwe, ndipo mke anunue kwa jina lake. Maana yake ni kwamba wewe utakuwa huna shamba. Likubali hilo moyoni kabla ya kulikubali kwenye karatasi. Ardhi atakayorithi kutoka kwa baba yake haina tatizo hili, kwa sababu urithi unabaki kuwa mali yake binafsi.

Kuna jambo ambalo wengi waliofunga ndoa Ghuba wanalisahau: ndoa iliyofungwa nje inatakiwa kusajiliwa Indonesia ndani ya mwaka mmoja tangu wanandoa kurudi nchini. Hati yenu ya Oman itafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Mke ndiye atakayekuwa mdhamini wa kibali chako cha ukaazi, KITAS. Na kwa kuwa ndoa yenu imepita miaka 2, mnaweza kuomba kile cha kudumu, KITAP, kinachohuishwa kila miaka 5. Sheria ya uhamiaji ya 2011 inamruhusu mgeni aliyeoa raia kufanya kazi au biashara ya kukidhi maisha yake na ya familia. Njia ya kampuni ya mgeni usiifikirie, maana inadai uwekezaji wa zaidi ya rupia bilioni 10 bila kuhesabu ardhi na majengo. Mtoto wenu, akiandikishwa, anaweza kushika uraia wote wawili mpaka afikie miaka 18, kisha ana miaka 3 ya kuchagua.

Mambo mawili kuhusu shamba lenyewe. Shamba la kilimo linapaswa kumilikiwa na mtu anayeishi katika tarafa hiyo hiyo. Mke akihamishia kitambulisho chake kijijini, hilo limekwisha. Na hiyo nyumba ya kutazama barabara msiijenge kichwani bado. Tangu 2009 kuna sheria inayolinda mashamba ya chakula yasigeuzwe kuwa makazi, na ubin hizo 150 zikiwa ndani ya ukanda uliolindwa hakuna kibali cha ujenzi. Ulizeni ofisi ya wilaya kabla ya kulipa. Mwenye shamba akiwaonyesha karatasi ya Letter C, jueni kwamba huo ni mwandiko wa daftari la kijiji na si hatimiliki. Dai cheti, kisha kikaguliwe kwenye ofisi ya ardhi.

Baharia Mstaafu, Dar es Salaam

Ninaheshimu maelezo yaliyotangulia, lakini naona mnamtisha bure. Nimewaona mabaharia wenzangu watatu walioandikisha nyumba kwa majina ya mashemeji huko Semarang na wanaishi kwa amani mpaka leo. Undugu ni kuaminiana. Ukianza kwa mawakili na mikataba ya kutenganisha mali, wakwe watasema umekuja na talaka mfukoni.

Mkalimani wa Surabaya

Mzee wangu, shikamoo. Wanaoishi kwa amani ni wengi, sikatai. Wanaokuja ofisini ni wale ambao shemeji amefariki. Warithi hawakuwepo siku ya kuaminiana. Kuhusu wakwe kuona vibaya, mkataba ule ndio unaomwezesha binti yao kununua ardhi kwa jina lake, na nimeona wazee wakifurahi wanapoelezwa hivyo.

Mkulima wa Karafuu, Wete

Sijafika Java, lakini Java imefika nyumbani kwetu, ndiyo maana nachangia.

Mkarafuu asili yake ni Maluku, huko huko Indonesia, nao ulifika Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa miaka mingi mteja wetu mkubwa alikuwa ni Mjava, kwa sababu ya kretek, ile sigara yao ya karafuu. Kisha wakapanda wenyewe kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza. Bei kwetu ikaanguka, na wazee wetu wakaiacha mikarafuu imezongwa na magugu. Nilidhani sisi tu ndio tuliopata hasara, mpaka nilipojua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wao nao walilazimishwa kuuza kwa shirika moja la ukiritimba lililoongozwa na mtoto wa Rais Suharto, na wengi waliikata mikarafuu yao. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1998.

Ninachotaka kumwambia ndugu wa Tanga ni kuhusu muda. Mti wa miaka 6 unakuomba uitabiri bei ya miaka 6 ijayo, na hata serikali hazikuweza. Ukiupanda, uwe ni fedha ambayo usipoiona tena watoto hawatalala na njaa. Na hilo la gadai, shamba la jirani kuwa rehani mkononi mwako, linafanana sana na kununua karafuu mtini au kahawa ya butura kule Kagera. Anayeuza zao likiwa changa ni mtu mwenye shida, na wewe utakuwa unaishi naye ukuta kwa ukuta.

Dada wa Malindi, Purbalingga

Mzee wa Wete amesema vyema. Huku ununuzi wa zao changa unaitwa ijon, na watu huutaja kwa sauti ya chini. Gadai ina heshima zaidi, tena kuna sheria ya 1960 isemayo kwamba shamba la rehani likishikwa kwa miaka 7 linarudi kwa mwenyewe bila malipo yoyote, kwa kuwa mshikaji amekwisha kula mavuno ya kutosha. Lakini hapa kijijini kwetu sijaona anayeifuata. Kila mtu anatarajia kurudishiwa fedha kamili, hata baada ya miaka 10. Kwa hiyo mkigombana, jirani atakuwa na sheria na wewe utakuwa na desturi, na wote wawili mtakuwa mnadai haki. Mtu mgeni asianzie hapo.

Fundi wa Tanga, Muscat

Nawashukuru nyote, na shikamoo kwa wazee.

Nimemsomea mke wangu majibu yote jana usiku, nikitafsiri polepole. Kwenye habari ya mchuuzi wa sukari alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaniambia kitu ambacho katika miaka 6 hakuwahi kunitajia: nauli yake ya kwanza ya kuja Oman ilitolewa na mchuuzi wa namna hiyo, na baba yake aliilipa kwa sukari kwa miaka miwili.

Tumeamua hivi. Kwanza usajili wa ndoa na mkataba wa mali, na yeye mwenyewe ndiye atakayewaeleza wazazi. Jina la shemeji halitatumika. Nitamwambia ukweli kwamba sheria inaweza kumwingiza yeye pia matatani. Mwaka wa kwanza tutakodisha ubin 50, na shemeji ndiye atakayelima kwa maro, ili asione kwamba tumemkimbia. Sengon tutapanda miche michache tu, pembezoni, kwa jina la baba mkwe, kwenye ardhi yake. Fedha nyingine itabaki benki kwanza. Nina wazo la kutengeneza majokofu na viyoyozi Purwokerto, kwa kuwa kazi hiyo ninaijua na mpunga siujui.

Nina swali moja la mwisho kwa dada. Tulipanga kufika na mizigo katikati ya Muharram, kwa kuwa tiketi ni rahisi wakati huo. Mke wangu amesita bila kusema sababu.

Dada wa Malindi, Purbalingga

Amesita kwa sababu Muharram huku ni mwezi wa Suro, shemeji, na Wajava wengi hawaozeshi, hawajengi wala hawahami nyumba katika mwezi huo. Mke wako huenda haamini tena, baada ya miaka yote hiyo Ghuba, lakini baba mkwe anaamini, na kila mtakapougua mafua mwaka huo atakumbuka siku mliyoingia. Ongezeni fedha ya tiketi, mfike Safar.

Majokofu ni wazo zuri. Hapa kwetu fundi wa uhakika anatoka mjini na huja siku anayotaka. Na mkipakia mizigo, leteni halua ya Muscat makopo kadhaa. Moja la RT, moja la mkuu wa mtaa, moja la imamu, na moja mliweke kwa ajili ya mchuuzi wa sukari.